Jani Mbele ya Kamera

Mtu yeyote aliyepitia mikononi mwa Mwalimu hukumbuka kwanza swali lake. "Kwa cheo gani?" Aliliuliza darasani, aliliuliza kanisani, na niliwahi kumsikia akiliuliza kwenye kikao cha harusi, pale kijana mmoja aliposimama kuwagawia watu kazi bila kutumwa na mtu. Kijana alikaa chini na hakusema tena mpaka soda zikaisha.

Jina lake lipo na mtaa mzima wa Sakina unalijua, lakini sisi tulimwita Mwalimu, na hata mafundi ambao hawakukanyaga chuo walimwita hivyo. Ukimwita "madam" alikuangalia mpaka unajirekebisha mwenyewe.

Darasani swali lile lilikuwa na maana moja tu. Alitufundisha katika chuo cha ufundi hapa Arusha, somo la vifaa ambavyo siku hizi vimejaa majumbani: kamera, geti linalofunguka kwa simu, pampu unayoiwasha ukiwa mjini wakati yenyewe iko shambani. Kila kimoja kina kompyuta ndogo tumboni, na kompyuta hiyo ina ukurasa unaoufungua kwenye simu ili ukiamuru. Ukurasa wa kamera kazi yake ni kukuonyesha picha, basi. Lakini fundi mvivu huuacha ufanye kazi kwa cheo cha mkuu wa mashine nzima, kwa sababu hiyo hiyo ya uvivu: hakuna kitakachogoma, na kazi itaisha mapema arudi kwake. Atakayeudanganya ukurasa huo hapati picha peke yake. Anapata mashine yote. Anaigeuza kamera atakavyo, anasikiliza, anasema kupitia spika yake, anafuta nyayo zake, kisha anatokea hapo kwenda kwenye kifaa kingine cha nyumba hiyo.

"Umempa muuza maziwa rundo zima la funguo," alikuwa akisema, "eti aweze kuyaacha maziwa jikoni. Halafu unashangaa umemkuta amelala kitandani kwako."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Ulipompelekea kazi yako, kakifaa kako ulikokaunga kwa wiki nzima, hakuuliza kama kanawaka. Alisukuma miwani juu, akauliza ukurasa wake unatembea kwa cheo gani, na ukibabaika alikurudishia.

Chuo kilishahamia kwenye ubao mweupe wa kalamu, naye akaendelea kubeba chaki mkobani. Akikosa pa kuandikia alichora kwenye saruji ya veranda. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa barabara ya Nairobi, nyuma ya gereji, na ukifika ulikuta kwenye sakafu ya mlangoni michoro ya somo alilompa mtu asubuhi, nusu imefutwa na viatu. Aliziba kamera ya kompyuta yake kwa plasta ya kidonda. Geti lake lilikuwa na kufuli mbili. Na mbwa wake, jibwa kubwa la kahawia lisilopenda mtu, hakufungwa mchana wala wakati mwingine wowote. Mchungaji alisimama barabarani akapiga simu ndipo Mwalimu akatoka kumshika mbwa kwa ukosi, na mchungaji akapita pembeni akiwa amebana Biblia kifuani. Watu walimwambia amfunge mnyama yule. Alijibu kwamba anayekuja kwa heri ataita.

Hapo ungedhani ni mtu wa kujifungia. Kumbe simu yake haikuwa na namba ya siri, na aliisahau kila Jumapili kwenye benchi la kwaya, ikarudishwa na yeyote aliyeiokota. Alikuwa hamwamini mgeni hata mmoja kwenye mtandao, na wakati huo huo akimwamini kila mtu aliyewahi kuimba naye sauti ya pili. Nilimwambia siku moja kwamba mambo hayo hayapatani. Akasema nimalize chai yangu.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima nilieleze vizuri, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo. Mwalimu hakuwa anaomba radhi. Sisemi alikuwa mbaya. Nasema neno lenyewe halikumtoka. Kuna mwenzetu alimwangusha kwenye mtihani, baadaye akagundua kwamba aliyekosea kusahihisha ni yeye. Alirekebisha alama kimyakimya, na Jumamosi yake kijana akaletewa nyumbani mkungu wa mshare kutoka Machame, zile ndizi za kupika, bila salamu wala maelezo. Mama wa kijana alidhani ni posa. Tulitaniana nalo hilo mwaka mzima.

Alikuwa na mtoto mmoja, Elibariki. Alisoma darasa letu, na mama yake alimkaza kuliko sisi wote. Alikuwa fundi mzuri, mwepesi wa mikono, mcheshi, na wateja walimpenda kwa sababu kitu chake kilikuwa kinawaka siku hiyo hiyo. Mimi nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza vifaa pale Sakina, yeye ndiye aliyenifungia taa. Aliniita dada ingawa tumezaliwa mwaka mmoja.

Kikundi kimoja cha wakulima kule Nduruma kilimpa kazi ya kuunga pampu ya kisima na simu, ili wasiwe wanatembea kwenda kuizima. Aliifanya vizuri kwa macho. Ila ukurasa wa kuiamuru aliuacha na cheo chote, na mlango wake ukabaki wazi kwa dunia nzima. Katikati ya kiangazi mtu asiyejulikana, au kitu kisichojulikana, kiliingia, kikaigeuza pampu kuwa chombo chake cha michezo. Iliachwa ikizunguka wakati kisima kimekauka, mpaka ikaungua. Miche ya nyanya ilikufa kabla hawajapata pampu nyingine. Wanakikundi waliitisha kikao pale pale kwenye tenki, wakamwalika Mwalimu kama mtaalamu, awaambie kilichotokea. Mimi nilikwenda naye kumbebea kompyuta.

Alikagua, akainuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kwa cheo gani?" alimuuliza mwanawe mbele ya watu.

Elibariki alijaribu kucheka. "Mama, hawa watu wanataka kitu kiwake tu. Ukikaza sana kila saa wanakupigia, mara imegoma, mara haifunguki. Nikaona niwarahisishie."

"Nimekuuliza kwa cheo gani."

"Chote."

Akageuka kwa wakulima. "Huyu si fundi," alisema. "Msimpe kazi tena. Na mkiulizwa na wengine, semeni nimesema mimi, mama yake."

Mzee mmoja alisema taratibu kwamba jamani, mtoto ni mtoto, mambo haya yanazungumzwa nyumbani. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea gari. Elibariki alikunja nyaya zake moja moja, akaziweka kwenye mfuko, akamkabidhi mwenyekiti ufunguo wa kibanda cha pampu. Hakuniaga. Haikupita muda tukasikia amevuka mpaka pale Namanga, yuko Kenya. Namba yake ikawa haipatikani, kisha ikawa ya mtu mwingine, mwanamke wa Singida aliyechoka kupigiwa na sisi.

Nilikasirika na Mwalimu kwa muda mrefu, na sioni haya kusema. Alichosema kilikuwa kweli. Lakini ukweli ule angeweza kuusema garini.

Nikaendelea kwenda kwake hivyo hivyo, maana hakuwa na mtu. Na ndipo nikaanza kuiona ile kamera.

Elibariki ndiye aliyeifunga, sebuleni, juu ya kabati la vyombo, baada ya mama yake kuteleza kwenye ngazi na kukaa chini hapo mpaka jirani alipopita. Alitaka awe anamwona akiwa kazini. Ni aina ile ya mviringo inayogeuka kwa mota. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia: siku ilipofungwa aliuliza swali lake, mwanawe akamjibu, "Mama, hapa ni nyumbani bwana," na yeye, kwa mara moja maishani mwake, akaacha. Ukurasa ulikuwa na cheo chote. Ulikuwa wazi kwa nje, na neno la kuingilia ni lile aliloweka Elibariki. Tangu aondoke halikuguswa.

Akina mama wa jumuiya ndio waliokuwa wa kwanza kutishika. Walikuwa wamekaa kwa maombi ya mchana, wamefumba macho, wakasikia kitu kinanguruma kidogo juu ya kabati. Mama Neema, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifumbua jicho. Kamera ilikuwa inawapitia mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayehesabu wageni. Alikemea kwa jina la Yesu. Kamera ikamaliza safari yake, ikainama kidogo, ikatulia.

"Mimi pale siendi tena," aliniambia Mama Neema kibandani kwangu. "Ile nyumba ina kitu. Na yeye mwenyewe anakijua, nimemwangalia usoni."

Niliona kwa macho yangu wiki hiyo hiyo. Tulikuwa tunakunywa chai, jua la saa tisa limejaa sebuleni. Mota ikalia. Mwalimu aliacha sentensi yake katikati. Alivua miwani, akanyoosha kanga begani, akakaa wima mikono mapajani, uso ameuelekeza juu, akangoja. Kamera ilikwenda kushoto mpaka mwisho, ikarudi kulia mpaka mwisho, ikainama. Ilipotulia alishusha pumzi, akavaa miwani, akaendelea na habari ya bei ya saruji.

Mimi kamera ni kazi yangu, nazifungua kila siku kwa bisibisi, na bado nilitamani kutoka nje.

"Mwalimu," nilimwambia, "kuna mtu humu."

"Nimeona."

"Basi niufunge huo mlango. Ni kazi ya kukaa tu."

"Kaa unywe chai."

Na kulikuwa na jani. Lilining'inia kwenye msumari ukutani, ng'ambo ya kabati, jani refu la kijani limefungwa fundo katikati. Isale. Mimi ni Mmeru wa mlimani, kwetu tunalipanda mipakani, na hakuna asiyejua Wachaga, watu wa kwao Mwalimu, wanalifanyia nini. Aliyekosa humtumia aliyemkosea, na ukishaletewa huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama kosa ni la damu. Kwa hiyo nilijua ni nini. Nilichojiuliza ni la nani, maana mzazi kumpelekea mwanawe isale sijawahi kusikia, na lile halikupelekwa popote, limetundikwa tu ukutani kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwambia mtu samahani. Kila nilipokwenda lilikuwa bichi. Alikuwa akilibadilisha kabla halijaanza kunyauka.

Siku moja, wakati yuko jikoni, nilisimama pale penye msumari nikageuka nyuma. Kamera ilikuwa inanitazama usoni. Ndipo nikaelewa kwa nini inapoinama yeye hushusha pumzi: kwake huyo alikuwa mwanawe, analiitikia jani.

Alikuwa ameuacha wazi ule mlango aliotufundisha sote kuufunga, kwa sababu ndio pekee ambao Elibariki alikuwa na ufunguo wake. Alimkana mwanawe mbele ya watu kwa kosa lile lile, na sasa alikuwa amekaa ndani ya kosa hilo kila siku, amevaa vizuri, akisubiri kutazamwa. Nililia kidogo njiani nikirudi, nikajifanya ni vumbi la magari.

Baada ya hapo niliitwa Elerai, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alisema kamera yake ina wazimu. Nilipanda ngazi, nikakuta ni aina ile ile ya Mwalimu, ukurasa ule ule, cheo kile kile. Nikiwa bado nimeishika ngazi, mota ikalia. Ikaenda kushoto mpaka mwisho. Ikarudi kulia mpaka mwisho. Ikainama kidogo, ikatulia. Mbele yake kulikuwa na ndoo za misumari.

Nilishuka nikakaa kwenye mfuko wa saruji. Mwenye duka akaniuliza kama nimepigwa shoti.

Haikuwa mtu. Ilikuwa programu tu, inayozunguka duniani ikijaribu milango, na kila inapopata kamera ya aina hiyo inaigeuza hivyo kuona kama inatii. Nilikaa na habari hiyo siku chache. Niliona uchungu kumwambia, na niliona uchungu zaidi kumwacha anakaa wima mbele ya kitu kisichojua hata kama yeye ni binadamu. Mwishowe nilikwenda.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Zote zinageuka hivyo?"

"Nilizoziona, zote."

"Na kuinama?"

"Na kuinama, Mwalimu. Kule iliinamia misumari."

Mbwa alibweka nje, akaacha. "Nilijua inawezekana," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini ilikuwa inageuka, mwanangu. Sebule yangu ilikuwa na kitu kinachogeuka."

Aliinuka, akaenda shambani nyuma ya nyumba, akarudi na jani jipya. Alilifunga fundo, akalitundika. Kisha akasimama mbele ya kamera akaizungumzisha kwa Kimachame. Kimeru chetu na Kimachame ni ndugu, kwa hiyo niliyaelewa, na sitayaandika hapa. Alipomaliza alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, "Funga."

Nilifanya pale mezani. Nilifuta neno la zamani, nikaziba njia ya nje, nikaushusha ukurasa.

"Kwa cheo gani sasa?"

"Mtazamaji tu, Mwalimu. Picha, basi."

"Vizuri," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kunipa neno hilo tangu nimfahamu.

Kamera haikugeuka tena. Akina mama wa jumuiya walirudi, hata Mama Neema, aliyedai ni maombi yake. Mwalimu alipungua. Aliacha kubeba chaki. Nilimkuta mara mbili amekaa sebuleni bila redio, anaiangalia ile kamera, na mimi nikajikuta naiangalia pia, tukiisikiliza ikiwa kimya. Isale ilinyauka pale pale msumarini. Nyumba iliniogopesha kuliko ilipokuwa na mgeni.

Halafu mchana mmoja, niko kibandani na mteja, simu yangu ikapata ujumbe kutoka namba ya nje ya nchi. *Dada, kamera ya nyumbani haifunguki siku hizi. Mama mzima?*

Nilimwacha mteja na redio yake imefunguliwa juu ya meza. Nilikimbia mpaka kwa Mwalimu, nikaita getini, akatoka akamshika mbwa. Nilimpa simu aisome mwenyewe. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye ukosi wa mbwa. Kumbe kwenye mlango ule ule walikuwa wakipita wawili, mmoja asiyejua anachokiona na mmoja anayejua, na nilipoufunga niliwatoa wote.

Nilidhani atalia. Yeye alinirudishia simu.

"Nani amesema ni yeye?"

"Mwalimu, ameniita dada."

"Aliyekuwa anatuangalia miezi yote hii anajua mengi. Anajua nakuita mwanangu. Wewe umemtaja Elibariki mara ngapi sebuleni mwangu? Namba yako imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibanda chako. Mtu yeyote angeweza kuandika hayo."

Ilikuwa kweli, na nilimchukia kwa kuwa na akili hata wakati ule. Tuliingia ndani. Alikaa kwenye kiti chake, akaangalia ukutani.

"Muulize kitu ambacho kamera haioni," alisema. "Mwambie hivi: lile jani ukutani, unalijibu nini?"

Niliandika. Tukangoja. Alitengeneza chai na wote hatukuigusa. Mama Neema alibisha akaomba kitunguu, akapewa, akaondoka. Chai ilikuwa imeshapoa simu ilipotikisika juu ya meza, na Mwalimu akaniambia nisome mimi, kwa sauti.

*Mwambie nimelipokea.*

Alitaka nirudie. Nilirudia. Alifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akakaa hivyo, mabega yanatikisika bila sauti. Mimi, kwa ujinga, na labda kwa sababu ndiye aliyenifundisha, nilisema, "Mwalimu, Mchaga yeyote angejibu hivyo."

"Najua," alisema.

Alifuta uso. Alichukua lile jani kavu msumarini, akalikunja, akaliweka kifuani ndani ya blauzi. Kisha akatoka nje, nami nikamfuata na simu. Alikuwa anatafuta kitu stoo, anasogeza madumu na majembe, mpaka akapata mnyororo ambao sikujua kama anao, una kutu. Mbwa alimshangaa. Alimfunga kwenye mti wa parachichi, akajaribu fundo mara mbili.

"Mwandikie apite getini kama watu," alisema. "Mwambie mbwa nimemfunga."

Niliandika hivyo hivyo. Hakujibu, na hajajibu mpaka leo. Ninapopita nyuma ya gereji huwa natazama juu ya ukuta. Geti lina kufuli moja sasa, na mbwa, ambaye hakuzoea, bado anavuta mnyororo.